Daktari, mwambie mama mtoto ana nini

Jumamosi nilipitia kwa dada yangu hapa Nakuru, nikamkuta mpwa wangu wa miaka tisa ameinamia beseni akisugua meno. Mswaki umepakwa chumvi na majivu, nyuzi za mswaki zimelala pande zote mbili. Maji ya beseni yamekuwa mekundu. Mama yake yuko nyuma yake: "Sugua na ya chini."

Nilipouliza kulikoni, dada akanitolea kadi ya kliniki. Neno moja la haraka haraka: florosisi. Alipouliza maana, aliambiwa si mbaya sana, kisha akaitwa mwingine aingie. Dada ameolewa huku akitokea Kakamega, kwa hiyo meno yenye madoa namna hii ni mageni kwake. Alichoelewa ni kwamba mtoto ana uchafu sugu. Majirani walimwambia ni maji, naye akafanya analolijua: akayachemsha mara mbili. Miezi miwili mtoto anasuguliwa hadi fizi zinatoka damu!

Limeniuma kwa sababu maelezo yenyewe ni ya dakika moja, kwa Kiswahili hiki hiki cha sokoni. Mama, maji ya visima vingi huku Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yanaota na madoa; hiyo ndiyo florosisi. Doa limo ndani ya gamba la jino lenyewe, kwa hiyo mswaki hauliondoi, majivu hayaliondoi. Haliambukizi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mpe ya mvua, au tafuta chujio la mkaa wa mifupa. Wewe hujakosea, na mtoto hajakosea.

Najua foleni ni ndefu na madaktari wa meno ni wachache. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba Kiswahili hakina jina la mkato kwa kila ugonjwa. Lakini dada hakuwa anatafuta jina. Alitaka kujua afanye nini akifika nyumbani.

Wala hii si hisani tunayoiomba. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kusoma. Kadi yenye neno moja haijaeleza kitu.

Bahasha za dawa zilizoandikwa 2×3 bila neno lingine nazo zinanikera. Si kila mzee anajua hapo ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku.

Turudi kwa mtoto. Siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza, akamtazama mama yake, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mjomba, nilikuwa napiga mswaki vizuri?" Dada akaingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Mdogo wake ana miaka miwili. Meno yake ya ukubwani bado yanajiunda. Jumapili tulifunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa, tukaweka pipa chini yake.