Brugge baadaye, kwanza Ieper

Ndugu yeyote anayekuja kunitembelea hapa Gent, Ubelgiji, huwa ameshaamua tangu yuko Dar es Salaam kwamba lazima afike Brugge, nami simlaumu. Mji ule ni mzuri kweli, una mifereji, madaraja ya mawe na mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83, ambao ngazi zake 366 zilimkalisha chini shemeji yangu katikati ya kupanda, akauliza kama hakuna lifti. Hakuna. Lakini siku hizi mgeni wangu nampeleka kwanza Ieper.

Ukiuona mji wa Ieper kwa mara ya kwanza utadhani umesimama vile vile kwa karne nyingi, kumbe sivyo. Jumba kubwa la wafanyabiashara wa vitambaa, lililokamilika mwaka 1304, lilipigwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza mpaka likabaki gofu, pamoja na karibu mji mzima. Winston Churchill alitaka magofu yaachwe yalivyo yawe ukumbusho wa wanajeshi wa Uingereza, lakini wenyeji, waliokuwa na haja ya mahali pa kulala, waliujenga mji upya kwa kufuata sura yake ya zamani, na jumba lile halikumalizika hadi mwaka 1967, miaka 6 baada ya Uhuru wetu.

Kila siku saa mbili kamili usiku barabara inayopita chini ya Lango la Menin, ukumbusho wa vita hiyo mjini Ieper, hufungwa, na wapiga tarumbeta huwapigia wafu wimbo wa kuwaaga, kama ilivyofanyika tangu mwaka 1928, isipokuwa miaka ambayo Wajerumani waliukalia mji. Kuta za lango zimechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Uingereza na himaya yake ambao makaburi yao hayajulikani. Miaka michache iliyopita nilisimama hapo na mjomba wangu, Mnyamwezi wa Tabora. Alivaa miwani, akaifuata safu moja kwa kidole kutoka juu hadi alipoishia mkono wake, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, hawa wote wameandikwa mmoja mmoja?" Nikamjibu kwamba ndivyo. "Na babu je?"

Babu yake alichukuliwa upagazi katika vita hiyo hiyo, upande wa kwetu, na hakurudi. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora mwezi Septemba 1916, na hadi leo Brussels ina mtaa uitwao Tabora, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, ambao kibao chake mjomba alikuwa amekipiga picha siku iliyotangulia huku akicheka. Ushindi ulipewa mtaa. Waliobeba mizigo ya ushindi huo hawakuandikwa popote.

Lango la Menin lilizinduliwa mwaka 1927, mwaka ule ule Dar es Salaam ilipopata Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi, tena yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake, ilhali hakuna hata jina moja lililochongwa hapo. Wapagazi wamebaki katika neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo sisi tunalitamka kila siku tukiulizana bei ya mitumba.

Nyumbani tumezoea kusema kwamba Wazungu wanatunza historia kwa sababu wana fedha. Kwa majumba, nakubali. Kwa majina sikubali, kwani serikali ya kikoloni ndiyo iliyopuuza kuyaandika, lakini tangu Uhuru tulikuwa na wazee waliowafahamu watu hao, na daftari halikuwa ghali.

Kesho yake mjomba hakutaka tena kwenda Brugge. Alitaka tumpigie simu dada yake mkubwa aliyeko Urambo, kwa sababu katika ukoo wao babu yule hutajwa kama "Mpagazi" tu, naye mjomba alitumaini kwamba huenda dada huyo analikumbuka jina lenyewe.