Moshi Mweupe Uliowapokea Wakwe

Mtufaha wa mzee jirani uliangushwa na upepo usiku wa Jumatatu. Jumanne asubuhi, kabla mzee hajamaliza kuusikitikia, mimi nimeshafika na toroli.

"Shikamoo mzee. Pole sana," nikasema, huku macho yakipima magogo.

Nilikuwa na sababu. Jumamosi wakwe zangu walikuwa wanakuja, na nilikwisha kutangaza, kwa mdomo wangu huu huu, kwamba nitawapikia kidari cha ng'ombe kwa moshi. Na anayejua nyama ya moshi atakwambia kuwa moshi wa mtufaha ni wa kistaarabu: mwepesi, una utamu wa mbali, haumvamii mlaji. Misonobari na jamaa zake wenye ulimbo hawafai hata kidogo. Mtufaha ni mti mgumu, huungua polepole na kuacha kaa la kudumu. Sasa mti wa namna hiyo umejilaza wenyewe uani kwa jirani, niupite tu?

Mzee hakuwa na hiana. Alinihakikishia kwamba hajawahi kuupulizia dawa ya wadudu. Halafu akanishika bega.

"Ila kijana wangu, huu bado una maji. Upasue, uupange juu ya mbao usiguse ardhi, ufunike juu tu, ubavuni uache upepo upite. Mwaka mmoja. Yale manene, miwili."

"Nimekusikia mzee," nikajibu. Na kweli nilimsikia. Masikio yangu hayana tatizo, tatizo lilikuwa Jumamosi.

Kazi ya kupasua nilidhani ni ya nusu saa. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuzi za mtufaha mzee zimesokotana kama kamba ya jahazi, na kila penye tawi pana fundo. Pigo la kwanza shoka likazama, likanasa. Nikalitikisa, wapi. Nikakumbuka niliwahi kuona mtu akiinua shoka pamoja na gogo lake na kulibamiza chini. Nami nikainua. Gogo likafika juu ya kichwa changu vizuri tu, na hapo ndipo nilipogundua kuwa sikuwa na mpango wa kulishusha.

Mke wangu alichungulia dirishani. "Baba watoto, hilo gogo linakwenda wapi?"

Sikuweza kumjibu, maana pumzi yote nilikuwa naitumia kubaki wima. Gogo likajiamulia lenyewe: likapita nyuma ya mgongo wangu na kutua kwenye toroli. Toroli hilo hadi leo linakwenda upande upande kama kaa.

Alhamisi nikawa na vipande vya kutosha, na viganja visivyofaa kushika hata kijiko. Nikavipima kwa kuvigonganisha. Kuni kavu hulia ko, ko, kwa sauti kali. Zangu zililia dupu. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na wa kufaa motoni yabaki chini ya asilimia 20. Mimi hesabu hiyo niliijua kabisa. Nikajiambia bado kuna siku mbili.

Ijumaa usiku, kila mtu alipolala, nikavipanga vipande katika oveni ya mama watoto. Moto mdogo tu, vikauke kidogo kidogo. Kufikia saa sita vilikuwa vinatoa sauti ya fiii kama birika, na nyumba nzima inanuka siki. Mke wangu akatokea mlangoni na khanga yake, akafungua oveni, akatazama kwa muda mrefu.

"Kesho wazazi wangu watakula kuni?"

Nikalala kwenye kochi, kwa hiari yangu.

Jumamosi alfajiri nikawasha mkaa ndani ya pipa langu la kufukizia, nikaweka kidari juu ya wavu, nikatupia vipande vitatu vya mtufaha. Pipa lilitakiwa lifike nyuzijoto 110 hadi 120 hivi. Likafika 70 likagoma, kwa sababu moto wote ulikuwa na kazi ya kuchemsha maji ya kuni. Miishoni mwa vipande palikuwa panatoka povu. Na moshi! Mweupe, mzito, unajikunja kama godoro. Moshi mzuri ni mwembamba, una rangi ya samawati kwa mbali, saa nyingine huuoni kabisa. Mimi nikashangilia ule wangu, nikaziba matundu ya hewa ili usinipotee, nikaongeza kuni.

Jirani wa nyumba ya tatu aliruka uzio na ndoo. Sikupata hata nafasi ya kumwambia habari za asubuhi. Alifunua pipa akamwaga maji yote, akapangusa jasho, akasubiri ashukuriwe. Nilimshukuru. Ungemwambia nini mtu aliyekuja mbio na viatu viwili visivyofanana?

Nikawasha upya, na sasa hata mkaa ulikuwa mbichi. Saa tano nikasalimu amri, nikahamishia kidari katika oveni, ile ile yenye harufu ya siki, kikaiva huko hadi jioni. Kwa sura kilipendeza sana, cheusi, kinang'aa. Sikujiuliza kile kinachong'aa ni kitu gani. Ni lami, ndugu zangu. Ule utando mweusi unaoganda kwenye bomba la kutolea moshi ndio uliokuwa umekipaka kidari changu.

Baba mkwe alitafuna tonge la kwanza taratibu, akasimama kutafuna, akaendelea.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "huyu ng'ombe alikuwa anaumwa?"

"Hapana baba. Kwa nini?"

"Naona amekufa na dawa nyingi mwilini."

Nyama ilikuwa chungu, shubiri ina afadhali. Mama mkwe, kwa adabu zake, alimaliza kipande kizima. Kisha akataka kunipongeza, ila ulimi ulikuwa umekufa ganzi. "Thathante thana, baba," akasema. Watoto wakaingia chini ya meza. Tulikula mayai. Kilichobaki nilimpa mbwa, akakinusa, akapiga chafya, akachimba shimo akakizika. Mbwa yule huzika mifupa kisha huirudia. Kidari hakukirudia.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Kuni zimepangwa nyuma ya nyumba juu ya mbao, zimefunikwa juu tu, upepo unapita. Magome yameanza kubanduka yenyewe, na miishoni pana nyufa nzuri. Kila Jumapili natoka na kugonganisha vipande viwili, ko, ko, ko, na kila Jumapili mtoto wa mwisho huitikia kutoka ndani, "Karibuuu!"

Jumapili iliyopita mama mkwe alikuwa sebuleni, amekuja kutujulia hali. Nikamsikia akimzuia mjukuu wake.

"Muulize kwanza amebeba nini. Kama ni nyama, hatupo."