Mguu Umevunjwa na Nini?

Majeruhi wa bodaboda aliyevunjika muundi anapopokelewa katika idara ya magonjwa ya dharura, kumbukumbu zake huhitaji misimbo miwili. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa na majeraha, S82 hueleza mfupa wa mguu uliovunjika, ilhali kilichouvunja huandikwa kwa msimbo wa sura ya 20, ambamo V20 hadi V29 ni za waliokuwa juu ya pikipiki. Pikipiki ikigongana na gari barabarani, dereva wake ni V23.4 na abiria ni V23.5, mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari ni V03.

Msimbo wa kwanza huandikwa kwa kuwa bima huutaka. Wa pili hauna mdai, na hata Marekani, ambako hospitali hulipwa kwa misimbo, hakuna sharti la taifa zima linalolazimisha chanzo cha jeraha kuandikwa.

Msimbo huo wa pili unapokosekana, wengi huwalaumu makarani wa kumbukumbu, nami naona lawama hiyo imekosea mlango. Karani hulipata faili majeruhi akiwa ameshalazwa au ameshaondoka, na ndani yake daktari ameandika herufi tatu tu, RTA, yaani ajali ya barabarani. Maelezo mengine, ikiwa yapo, yako kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ambayo imekwisha kurudi polisi. Karani mwaminifu ataandika V89.2, ambayo ni sawa na kusema ajali ya chombo cha moto, basi. Asiye mwaminifu atabuni, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu takwimu ya kubuni hufanana kabisa na ya kweli.

Kwa maoni yangu, chanzo kiandikwe na muuguzi wa mapokezi anayepanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, naye aulize mambo matatu: alikuwa dereva, abiria au mtembea kwa miguu, aligongana na nini, ilikuwa barabarani au kwingine. (Kofia ngumu haimo katika msimbo, lakini ningeiulizia pia.) Tena amuulize aliyemleta, si majeruhi anayeugulia maumivu. Mleta majeruhi mara nyingi ni dereva mwingine wa bodaboda, naye hakawii kuondoka, kwa kuwa ana abiria wa kutafuta na hapendi kukutwa pale na askari.