Mshale Jichoni, Kikombe Mkononi

Kwenye monasteri nyingi za Wabuddha wa Tibet, ukutani karibu na mlango, pamechorwa duara kubwa lililobanwa na dude lenye macho matatu na taji la mafuvu, meno limeyakaza juu ya ukingo. Ni Gurudumu la Maisha. Mchoro wenyewe si wa jana: huko India, katika pango namba 17 la Ajanta, yapo mabaki yake ya karne ya 5.

Mgeni akiliona dude lile hudhani ni shetani. Sivyo. Ni Yama, bwana wa kifo, naye hapo anasimamia ukweli kwamba hakuna kinachodumu. Sisi husema tamaa mbele, mauti nyuma. Humu mauti hayako nyuma. Yamelikumbatia gurudumu zima, hata miungu waliostarehe juu kabisa wamo makuchani.

Katikati wanazunguka jogoo, nyoka na nguruwe: tamaa, chuki na ujinga. Hao ndio wanaoelezwa sana, kupita kiasi kwa maoni yangu, kwa sababu msikilizaji huondoka na lawama tu.

Utajiri uko ukingoni, kwenye picha 12 zinazofuatana kama pete za mnyororo, zinazoanza na kipofu mwenye mkongojo na kuishia kwa maiti. Ya saba ni mtu aliyechomwa mshale jichoni. Hiyo ni hisia, tamu au chungu, inayokuingia bila hodi. Ya nane ni mtu anakunywa: tamaa. Ya tisa anachuma matunda, ameanza kung'ang'ania. Aliyechomwa mshale hana kosa. Kinachoonyeshwa ni safari ya kutoka kuguswa hadi kutaka, na walimu wa Kibuddha hufundisha kwamba hapo kati ndipo mnyororo unapoweza kukatwa.

Ndiyo maana sikubali dini hii ikiitwa ya huzuni. Aliyewachoka wanadamu asingehangaika kuwaonyesha kwa makini hivi mahali pa kutokea. Hata preta waliochorwa humo ndani ya gurudumu, mizimu ya njaa yenye matumbo makubwa na koo jembamba kama sindano, hawakuachwa peke yao. Katika michoro mingi Buddha yumo miongoni mwao.

Natamani wanaowatembeza wageni huko wapite haraka kwa jogoo, kisha wawasimamishe mbele ya picha ya saba na ya nane, na wasiwaharakishe.