Pole, Kisha Nyamaza

Kiswahili kina neno ambalo wenye lugha nyingine hulizunguka kwa sentensi nzima. Pole. Unampa aliyejikwaa, unampa aliyefiwa, unampa aliyetoka kazini hoi, hata kama huhusiki kwa lolote na yaliyomkuta. Hujamwomba radhi, hujamhurumia kutoka juu. Umemwambia tu kwamba umeliona lililompata. Neno limekamilika lenyewe. Sisi tunaohudumia watu ndio hatujui kuliacha lilivyo, lazima tulifunge mkia. "Pole, ila jikaze." "Pole mama, usilie sasa, presha itapanda." "Pole, lakini kazi ya Mungu haina makosa." Na mkia ule ndio anaobaki nao yule mtu kitandani.

Nimeifanya kazi hii miaka ya kutosha, kwanza wodini kisha katika nyumba ya kutunzia wazee, na hayo yote nimeshayasema kwa kinywa changu. Kwa hiyo nisidhaniwe ninamnyooshea mtu kidole nikisema kwamba maneno mengi ya faraja tunayoyatoa kazini tunajifariji wenyewe. Mtu akilia mbele yako, mwili wako nao hausikii raha. Unataka kilio kile kiishe. "Usilie" ni ombi letu sisi, tumelivalisha nguo za huruma.

Kulikuwa na bibi mmoja mwenye dimenshia, ugonjwa unaomla mtu kumbukumbu na akili. Mchana alikuwa mtu wa vicheko. Jua likianza kushuka anabadilika, jambo ambalo kila aliyelea wazee wa namna hii analijua. Anavaa koti, anakwapua mkoba wake, anasimama mlangoni. "Nifungulieni. Mama ananingoja, ataniuliza nimechelewa wapi." Yeye mwenyewe alikuwa ameshapita miaka themanini. Mimi nilikuwa mgeni, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa hadanganywi. Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao: "Bibi, mama yako alishafariki zamani."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane kwa simu ya msiba. "Lini? Mbona mmenificha?" Akashika ukuta, akalia. Usiku ule hakugusa chakula. Asubuhi hakukumbuka niliyomwambia, ila uso ulikuwa umemwanguka na hakutaka mtu amsogelee. Jioni akawa mlangoni tena na mkoba wake, na mwenzangu wa zamu akampa jibu lile lile. Wiki ile tulimfisha mama mmoja mara nne.

Baadaye nilisoma kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa iliyotoka mwaka 2014. Waliwaonyesha watu wenye Alzheimer, aina moja ya dimenshia, vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Baada ya muda mfupi walipoulizwa walichokiona, wengi hawakuwa na la kueleza, lakini huzuni au furaha ilikuwa ingali nao. Habari inafutika, maumivu yanabaki bila jina. Nikamkumbuka bibi na ule uso wa asubuhi.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa makamo ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivuta kiti akakaa pale pale mlangoni, chini ya macho ya bibi, si juu yake. "Leo unamkumbuka sana mama." Akanyamaza. Nilihesabu, maana ukimya ule ulinitesa mimi kuliko wao. Bibi akasema, "Anashona. Akishona hataki kelele." "Anashona nini?" Wakaingia kwenye magauni, vifungo, na sindano iliyowahi kupotea kwenye mkeka ikamchoma baba mguuni. Mkoba ukashuka kutoka kwapani hadi mapajani. Ndipo yule muuguzi akauliza, kama jambo la kupita tu: "Tuanze chooni kabla ya safari?" Bibi akaenda haraka. Haja ilikuwa imembana muda wote ule.

Kuna watakaosema "kabla ya safari" nao ni uongo. Labda. Mimi naona kuna tofauti kati ya kumdanganya mtu na kukataa kumpiga kwa ukweli asio na pa kuuweka, na sitapoteza usingizi kwa hilo.

Ila lile la choo tulishike. Kabla hujaenda kwenye moyo, pitia mwili. Mtu asiyeweza kueleza kwamba ana maumivu, ana kiu, ana choo kigumu, au betri ya kifaa chake cha kusikia imekufa na dunia nzima imekuwa mnong'ono, atakuonyesha kwa hasira na machozi. Na mzee aliyekuwa sawa jana, leo ghafla hajui alipo na anapigana na shuka, huyo hahitaji kubembelezwa. Anahitaji kupimwa. Maambukizi, dawa mpya au upungufu wa maji mwilini vinaweza kumvuruga mzee akili kwa saa chache, na nimeona watu wakimwimbia nyimbo za kumtuliza mtu ambaye homa inampanda.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba aliyepatwa na jambo zito akalishwe mapema asimulie kila kitu, alichokiona, alichokisikia, alivyojisikia, ili kiwewe kisikae ndani. Utaratibu huo ulienea tangu miaka ya 1980. Ulipopimwa haukusimama. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe yanayofuata, na katika baadhi ya majaribio waliokalishwa waliishia vibaya kuliko walioachwa. Siku hizi ushauri ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na wenzake waliutoa mwaka 2011 unaijenga juu ya vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hakuna "chimba" humo. Anayetaka kusema anasikilizwa, anayetaka kukaa kimya anakaa, na wewe upo.

Kusikiliza kwenyewe tunakusifia kuliko tunavyokufanya. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani walichapisha walichokuta kwenye rekodi za mazungumzo 74 ya wagonjwa na madaktari wao: kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18! Hapo hata salamu haijaisha vizuri. Tusiwacheke madaktari, mhudumu anayeuliza "unaendeleaje?" huku tayari ameshageuzia kitoroli mlangoni hata hizo sekunde hakutoa.

Mtu aliyepandwa na hofu kali ni habari nyingine kidogo. Anapumua mbiombio, anatoa kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi, vidole na midomo vinaanza kufa ganzi, kichwa chepesi, na kila dalili mpya inamthibitishia kwamba anakufa. Ukimwambia "tulia" umempa kazi moja zaidi asiyoiweza. Kama ni mara ya kwanza, au kifua kinauma, usijifanye mtabiri, mwite wa kumpima. Ikishajulikana kwamba ni hofu, kaa kimo chake, shusha sauti, anza wewe kupumua: unavuta kawaida, unatoa taratibu na kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Usimfundishe. Fanya tu asikie pumzi zako. Mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi, na watu walio karibu huanza kufuatana bila kuambizana. Nimemshuhudia baba mmoja mzima, mwenye kifua kama mlango, akirudi duniani kwa njia hiyo huku mkono wake umeng'ang'ania mkono wa sare yangu hadi kifungo kikatoka.

Na mikono. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Walipokuwa wameshika mkono wa mtu wasiyemjua, sehemu za ubongo zinazohusika na tishio zilitulia kiasi. Waliposhika mkono wa mume, zilitulia zaidi, na zaidi tena kwa wale ambao ndoa zao zilikuwa nzuri. Utafiti ni mdogo, sitaujengea ghorofa. Lakini kila nikiukumbuka naona aibu, kwa sababu kitu cha kwanza tunachofanya mtu akizidiwa ni kuwaambia ndugu zake: tokeni nje kwanza. Zipo sababu, nafasi ni ndogo, kuna vitu hawapaswi kuviona. Mara nyingi, hata hivyo, ni mazoea tu. Tunaufukuza mkono bora kabisa uende ukasimame koridoni, halafu tunatoa wetu wenye glavu. Na huo wetu nao uombewe ruhusa. Kuna ambao kuguswa ndiko kulikowaumiza, na hilo halijaandikwa kwenye paji la uso wa mtu.

Hapo ndipo "unganisha" linapokuwa na maana kuliko kumwandikia mtu rufaa ya mshauri nasaha wiki tatu zijazo. Muulize: ni nani ukimwona sasa hivi utapumua? Mpigie. Simu imeishiwa chaji? Itafute chaja. Wenye hekima kubwa ya vitabuni hudharau chaja, mimi nimeona ikifanya kazi ambayo hotuba yangu ilishindwa.

Jambo moja halistahimili aibu zetu. Mtu akisema "nimechoka na hii dunia" na sauti ikawa kama inatoka kisimani, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Tumekuwa na imani kwamba ukilitaja utalipanda kichwani mwake. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipinga dhana hiyo: kuuliza hakupandi wazo, kunampa mtu nafasi ya kusema alichokuwa anakibeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mapema nani mwingine atajua na kwa nini.

Sasa nirudi kwa wakubwa wa kazi, maana najua mhudumu anayesoma ameshauliza: muda huo nautoa wapi? Haki kabisa. Zamu inagawiwa kwa vitanda, dawa, vidonda, shuka. Fomu ya kukabidhiana zamu ina kisanduku cha kiasi cha mkojo kwa mililita, haina mahali pa kuandika kwamba nilikaa na mtu dakika kumi na mbili na baada ya hapo akalala bila sindano. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa kinaitwa uvivu. Nimewahi kukemewa mbele ya wenzangu kwa "kupiga soga" na mgonjwa ambaye saa moja kabla alikuwa ameelezwa kwamba mguu utakatwa. Msimamo wangu ni kwamba dakika zile ni kazi kama kubadilisha bendeji ni kazi: ziandikwe, zipangiwe mtu, na anayezitoa afunikiwe vitanda vyake na mwenzake. Kuwapeleka wahudumu kwenye semina ya huruma kisha kuwarudisha wawili kwa wagonjwa arobaini ni dhihaka.

Na wao pia wanabeba. Siku ile ya kukemewa nilimaliza zamu vizuri, nikaingia chumba cha kuhifadhia shuka, nikafunga mlango na kulia kama mtoto. Yule muuguzi wa kiti cha mlangoni alinikuta humo. Sikutaka anione. Akapindua ndoo akaikalia.

"Pole," akasema.

Nikangoja mkia. Haukuja. Tulikaa, sijui muda gani, bomba la ukuta wa pili likigugumia maji. Kisha akasimama, akaichukua ndoo yake, akaniambia chumba cha nne wanaomba foronya mbili, nikijisikia niwapelekee, nisipojisikia atapeleka yeye.