Sifuri ya mama wa depo si takataka

Juzi kijana mmoja aliuliza kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Bukavu jinsi ya kuondoa nafasi tupu kwenye tablo (array, yaani orodha ya data) ya PHP, lugha ya kuandikia programu. Majibu yakamiminika: "Tia array_filter, mambo kwisha." Ni funksheni ya PHP inayochuja tablo. Dole gumba tele. Ndugu zangu, yamekwisha mambo gani?

Chukua depo, ghala la bidhaa, kule Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Jioni mama anajaza fomu: mchele 12, sukari 0, chumvi hajaihesabu, kaiacha wazi. Programu inapokea hivi:

['mchele' => '12', 'sukari' => '0', 'chumvi' => '']

Ipitishe kwenye array_filter bila sharti lolote, utabaki na mchele peke yake. Sukari imefutwa! Bidhaa ile ile iliyokwisha, ambayo mwenye depo angepaswa kuiagiza kabla wateja hawajahamia kwa jirani, ndiyo haionekani kwenye ripoti. Mama kainama nyuma ya magunia, kahesabu, kaandika, halafu mashine inamchukulia kama mtu asiyesema kitu. Sifuri ni jibu. Chumvi ndiyo haina jibu. Nani aliwaambia hayo mawili ni sawa?

Ukiiacha bila sharti, array_filter hutupa kila ambacho PHP hukihesabu kuwa uongo: null, false, tablo tupu, namba 0, na hata ile '0' ya maandishi inayotoka kwenye fomu. Lakini '0.0' inapita. Spesi tupu nayo inapita, kifua mbele. Hekima hiyo!

Haya, kwa orodha ya mitaa njia hiyo ya mkato inatosha, maana sijasikia mtaa unaoitwa 0. Penye hesabu, andika sharti lako mwenyewe:

array_filter($hesabu, fn($v) => $v !== null && trim($v) !== '')

Tangu PHP 7.4 unaruhusiwa kuandika hivyo, mstari mmoja tu, kwa hiyo uvivu si kisingizio. Nanyi mnaotia strlen, ile ya kupima urefu wa maandishi, iwe sharti: kuanzia PHP 8.1 inalalamika ukiipa null. Na empty() msinitajie, nayo huiona '0' kuwa tupu, ugonjwa ni uleule.

Kingine: array_filter haipangi upya funguo za tablo. Ukiondoa cha katikati kwenye orodha yenye funguo za namba (0, 1, 2), json_encode, inayogeuza data kuwa JSON ya kutumia programu nyingine, itakutolea objekti badala ya tablo, na anayetengeneza programu ya simu atakupigia usiku akiuliza tablo yake iko wapi. Malizia na array_values, inayopanga funguo upya, ulale.