Kimondo Kilichonuka Sanduku la Mama

Saa nane usiku, maabara moja huko Ujerumani, nimekodolea macho skrini ya kipimo cha uzito wa molekuli, yenye kilele kimoja kirefu kama mnazi: uzito 128. Naftalini! Na sampuli yangu ni unga wa kimondo cha Murchison, kile kilichoanguka Australia mwaka 1969, maarufu kwa hidrokaboni (molekuli za kaboni na hidrojeni) za ukoo huo. Nikampigia Profesa simu. Ndiyo, saa nane hiyohiyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Unga unakandamizwa kwenye kipande cha indiamu, metali laini, unaingizwa kwenye ombwe, chumba kilichonyonywa hewa, halafu bunduki ya ioni inaupiga kwa atomi za argoni zenye chaji, za keV 5. Molekuli zinaruka, lakini karibu zote hazina chaji, na kipimo cha uzito hakioni kitu kisicho na chaji. Kwa hiyo leza ya nanomita 266 inapitishwa milimita 1 juu ya sampuli, sambamba nayo. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ina nishati ya eV 4.66, naftalini inadai 8.14 ndipo iachie elektroni na kupata chaji. Fotoni mbili zinalipa deni na chenji inabaki. Molekuli huchukua kama mikrosekunde 2 au 3 kupanda hadi kwenye mwale, basi leza nayo icheleweshwe hivyohivyo.

Profesa akafika, koti juu ya pajama. Akatazama kilele, kimya. Akabadilisha ucheleweshaji: mikrosekunde 3, 10, 50. Kilele hakikutikisika. Tumbo likaanza kunikata, maana molekuli iliyorushwa haikungojei pale juu kama daladala inayosubiri kujaa. Kisha akazima bunduki kabisa. Kilele kikabaki palepale, kimesimama wima.

Leza haibagui. Inachaji chochote kinachokatiza mbele yake, kimetoka kwenye kimondo au kinazurura tu ndani ya ombwe. Na kwa kuwa saa ya kipimo huanza kuhesabu leza inapopiga, gesi nayo hutoa kilele chembamba, safi, cha kutamanisha. Ndiyo sababu unazima bunduki kwanza, ndipo unaamsha watu. Nilikuwa nayajua yote haya. Nilishawahi kumfundisha mwenzangu.

Profesa akanisogelea. Akanusa. Akanusa tena, begani.

"Hilo sweta umelitoa wapi?"

Asubuhi tukakifungua kishikizi cha sampuli. Chini ya hadubini, kwenye hesi za skrubu, umejiviringisha uzi mmoja wa sufu ya kijani. Jana yake nilikuwa nimekitia kishikizi mfukoni ili mikono yote miwili ifungue mlango. Na sweta lilikuwa limekaa miaka minne kwenye sanduku, Tanga, katikati ya vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Naftalini tupu. Sufu ikaendelea kuipumua taratibu ndani ya ombwe, na pampu zikawa zinafukuza upepo.

Chumba cha ombwe kikaokwa nyuzi 120 kwa siku mbili. Sweta likafungiwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, likatundikwa nje ya dirisha, kwenye theluji.

Jioni nikampigia mama kumweleza, nikiruka sehemu ya fotoni.

"Pole, mwanangu. Kumbe dawa ya nondo hawaitaki huko? Basi lingine nitalifungia na karafuu. Nyingi."

Harufu ya karafuu ni eujenoli: uzito 164, na duara la benzini juu.

"Mama," nikasema, "huku duka la masweta lipo."